Isome Mbao ya Mbele

Lenoir, North Carolina
5 Februari 2024

Kwa Garland,

Salamu. Natumaini u mzima. Sisi huku si wazima sana, ndiyo maana umeuona mwandiko wangu. Usishtuke, hakuna aliyekufa.

Nadine alianguka tarehe kumi na moja mwezi uliopita. Ngazi zilikuwa na barafu, naye akatoka na viatu vya ndani kwenda kuwatilia ndege mbegu, baada ya mimi kumwambia mara tatu asitoke. Nyonga ya kulia imevunjika. Wamemtia chuma, na sasa yuko kwenye nyumba ya mazoezi kule Hickory, anajifunza kutembea upya na kigari cha kushikilia. Najua kwenye simu alikuambia ameteleza kidogo. Hakuteleza kidogo.

Wiki iliyopita binti wa mazoezi alikuja kukagua nyumba. Akapima choo, akapima kitanda, akapima ngazi. Alipofika kwenye sofa akakaa, akazama mpaka magoti yakamkaribia kidevu. Akasema mama hawezi kurudi kwenye kitu kama hiki, siku atakapojikamua kuinuka ataing'oa ile nyonga. Akanishauri ninunue kiti kirefu cha wagonjwa. Nilipompelekea Nadine habari hizo, alinijibu hivi: "Mwambie huyo mtoto nimelikalia sofa langu tangu siku ya pili ya ndoa. Kama halitengenezeki, sirudi. Nitabaki hapa hapa na viazi vyao vya kuponda." Unamjua dada yako. Wanamtoa tarehe 23 Machi, na mimi simuoni akibadili neno.

Fremu ya sofa lile niliitengeneza mimi, na fremu zangu hazivunjiki. Unalijua hilo, na kiwanda chetu kizima cha fanicha kilikuwa kinalijua. Kwa hiyo tatizo ni springi. Springi ulizifunga wewe kwa kamba, njia nane, Mei 1979, kwenye gereji ya baba yenu. Mimi sikujifunza kazi hiyo kwa sababu ilikuwa na wenyewe. Sasa wenyewe wamekufa au wamehama, na ninayejua yuko hai ni wewe tu. Niambie la kufanya.

Tusije tukaelewana vibaya. Siombi msamaha na sikupi. Naandika kwa ajili ya Nadine. Simu siiwezi, masikio yangu yalibaki kwenye misumeno ya kiwanda.

Mume wa dada yako,
Odell


Tupelo, Mississippi
12 Februari 2024

Kwa Odell,

Salamu zako nimezipata, baada ya miaka kumi na tisa. Zimekawia lakini hazijachacha. Mimi sijambo, kwa kadiri mtu wa miaka sabini na moja anavyoweza kusema hajambo. Huku ni mvua tu, na mbwa wangu amegoma kutoka nje.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye sanduku la barua, kisha nikairudia nimekaa. Pole kwa dada yangu, na pole kwako unayemuuguza. Nilimpigia jioni ile ile. Nikamwambia, "Nadine, kumbe ni nyonga?" Akanijibu, "Na wewe umeanza kuongea na Odell lini?" Alicheka mpaka nikamsikia nesi akija kuuliza kuna nini.

Sasa hilo la springi zangu. Springi zilizofungwa njia nane haziporomoki kwa siku moja. Huchoka polepole, na kila aliye ndani ya nyumba huona. Sofa likizama ghafla upande mmoja, ugonjwa uko kwenye mbao. Huyo binti alizama upande gani? Nabashiri ni kushoto mbele.

Fanya hivi. Ligeuze kifudifudi juu ya blanketi. Ng'oa pini za kile kitambaa cheusi cha chini ukiweke kando. Usikate kamba yoyote. Chukua taa, uisome mbao ya mbele, ule uso wake wa ndani unaotazama springi, toka mwisho huu mpaka mwisho ule. Isome yote usiruke. Halafu uniandikie.

Ndugu wa mke wako,
G.


Lenoir
20 Februari 2024

Kwa Garland,

Salamu kutoka kwenye theluji. Nadine jana amepiga hatua kumi na nne na amegombana na mpishi, kwa hiyo afya inarudi.

Naona siku hizi unapiga chapa. Umekuwa wakili? Hata sahihi imebaki herufi moja. Na wewe ndiye uliyekuwa unaandika jina lako lote chini ya kila kiti ulichofunga, kama mtoto aliyejifunza kuandika jana.

Upande ni kushoto mbele. Sijui umejuaje. Lakini sofa sikuligeuza. Nina miaka sabini na minne, na fremu ile haina haja ya kusomwa na mtu. Ni mwaloni mkavu, pini mbili za mbao kila kiungo, vibao vya pembe vimetiwa gundi na skrubu. Wewe unataka nitafute ufa tu, nikutangazie nimeuona. Nikatumia akili yangu. Nilikata plaiwudi nene nikaiingiza chini ya mito, na sofa likasimama kama askari.

Jumamosi wakamruhusu Nadine aje nyumbani kwa muda wa saa tatu, kujaribu. Nilikuwa nimekaanga maini ya kusaga na mayai, nyumba nzima inanukia. Akaja na kigari chake mpaka sebuleni, akageuka, akakaa. Akasogea kulia, akasogea kushoto. Kisha akasema, "Odell, hili ni benchi la kanisa."

Nikamwambia, "Lakini ni imara."

"Hata jeneza ni imara. Nami sijawa tayari kuingia."

Binti wa mazoezi akageukia ukutani kucheka. Tukamletea Nadine kiti cha jikoni, akala hapo, macho yote kwenye sofa lake kama anamtazama mtu aliyemtenda. Hakumaliza hata yai. Tuliporudi Hickory, nilipomvua koti akalia. Garland, sijamwona akilia tangu ile miaka ya saratani yake.

Basi tuache habari za kusoma. Njoo uzifunge mwenyewe. Chumba cha nyuma kipo, na ya zamani sitayagusa kama huyagusi. Ila kwa kuwa tunaandikiana, niseme moja tu. Mtu aliyevuka bahari akakaa miezi mitatu akiwafundisha watu kazi yetu, ili kazi yenyewe ihamie kwao, hawezi kushindwa na safari ya siku moja ya gari kwa ajili ya dada yake.

Mume wa dada yako,
Odell


Tupelo
26 Februari 2024

Kwa Odell,

Natumaini theluji imeyeyuka na hatua za dada yangu zimeongezeka. Hilo la kulia limeniuma, na hilo la jeneza nimelicheka peke yangu jikoni mpaka mbwa akaondoka.

Plaiwudi! Fundi wa fremu wa miaka thelathini anaweka plaiwudi chini ya mto kama mwanafunzi aliyepanga chumba. Wazee wetu wa kiwandani wangefufuka wakuzomee.

Siwezi kuja. Sababu usiniulize, lakini si kiburi.

Na la safari sitalijibu tena. Nililijibu zamani, kwa mkono wangu, nikalileta mpaka nyumbani kwako. Kama hukulipata, kosa si langu peke yangu.

Nina ombi moja. Sijakuomba kitu tangu ile siku ya chakula cha kanisa, uliposimama na sahani ya kuku mkononi ukatangaza mbele ya watu wote kwamba kuanzia hapo wewe huna shemeji. Leo nakuomba. Ligeuze sofa, uisome mbao ya mbele. Fanya kwa ajili ya Nadine, kama kwangu ni vigumu.

Ndugu wa mke wako,
G.


Lenoir
4 Machi 2024

Garland,

Nadine hajambo, anakusalimu. Salamu nyingine leo sizijui kuzipanga.

Barua yako ilinikasirisha. Nilipekua droo zote, sanduku la vyeti, hata Biblia ya mama yenu, nikitafuta hilo jibu unalosema ulileta nyumbani kwangu. Sikuona kitu. Nikasema, mwongo huyu. Jumamosi nikaligeuza sofa ili nikuumbue.

Likamwaga takataka zake kwanza: vibanio saba vya nywele za Nadine, maganda ya karanga, kitana kisicho na meno, karatasi ya ibada ya Pasaka ya mwaka 1996. Nikang'oa kile kitambaa cheusi, nikawasha taa, nikaingiza kichwa.

Cha kwanza nilichoona ni mafundo. Yamelala kushoto yote, sawa, maana mashoto kiwandani kote ulikuwa wewe peke yako. Lakini safu ya mbele imefungwa kwa kamba ya nailoni. Mwaka 1979 sisi tulifunga kwa katani. Nikajiuliza, hii nailoni imeingia lini humu?

Cha pili ni mbao. Nyuma ya mbao yangu ya mbele nikakuta mbao nyingine ambayo sikuiweka mimi, imeng'ang'ana na yangu kama pacha, skrubu kumi na mbili zimepangwa kwa rula. Na ile ya kwangu imepasuka, Garland. Si jana wala juzi, ufa una vumbi jeusi ndani. Umepita kwenye matundu ya pini, niliyotoboa karibu karibu kwa sababu ilikuwa Alhamisi na harusi ni Jumamosi. Haraka haraka haina baraka, na mimi miaka arobaini na mitano nimewaringia watu fremu zangu huku nimekaa juu ya iliyovunjika. Pacha lako halina hata unywele wa ufa. Safari hii mbao yangu imeachia kwenye pembe, pale ambapo mbao yako haikufika.

Cha tatu ni penseli yako juu ya pacha hilo. Nayanakili maneno yote hapa, ujue sikuruka:

"Odell. Nadine amenipigia simu, wewe uko milimani unawinda kulungu. Mbao yako imepasuka, uliyasogeza matundu mno. Nimeitia pacha. Wakikuuliza, haikuvunjika. Sasa kuhusu safari. Bosi aliniita akaniambia nikienda kuwafundisha wale watu, kiwanda kitabaki wazi mwaka mmoja zaidi. Nisipokwenda, wanafunga Krismasi ile ile. Nadine alikuwa na dawa za miezi minane mbele yake, na bima ya matibabu ilikuwa ya kazi yako. Labda walinidanganya, sijui mpaka leo. Wewe ungejua ungetupa nyundo siku hiyo hiyo kwa kiburi chako, na bima ingekwenda na nyundo. Nikanyamaza. Halafu ukasema uliyoyasema kanisani, na mimi nikapata kiburi changu. Ana kwa ana siwezi. Nakuandikia hapa kwa sababu hapa utafika tu, siku utakapokubali kwamba kitu chako kimevunjika. Njoo Tupelo. Kuna kambare wengi. Garland, 12 Novemba 2011."

Niliisoma nimelala chali, na nilipomaliza sikuinuka. Nimeikalia barua yako miaka kumi na miwili. Kila jioni niko juu yake, sahani mapajani, mpira wa kikapu kwenye televisheni. Na jina lako likitajwa nilikuwa naongeza sauti.

Nikaenda Hickory na vumbi kichwani. Nikamuuliza Nadine, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Garland aliniapisha. Na wewe ulipiga marufuku jina lake mezani, umesahau? Ningeanzia wapi?" Kisha akanipangusa vumbi kwenye nyusi. "Mara ngapi nimekuambia sofa linalia, Odell, lifungue ulitazame? Ukanijibu fremu zako hazilii."

Dawa zile za miezi minane alizimaliza, Garland. Ya mwisho alipewa Juni, na kiwanda kikafungwa Desemba. Kama walikudanganya au hawakukudanganya, sitaki kujua. Ulikwenda. Mimi nikakutukana kwa kitu kilichomponya mke wangu, na nilikutukana mbele ya watu. Naona aibu mpaka mkono unakuwa mzito kuandika. Nisamehe.

Njoo uzifunge. Safari hii sikuagizi, nakuomba.

Shemeji yako, kama utalipokea neno hilo,
Odell


Tupelo
9 Machi 2024

Kwa Odell,

Ni matumaini yangu barua hii itakukuta na mgongo mzima baada ya kulala sakafuni. Mvua imekatika huku. Barua yako iko kwenye mfuko wa shati, imeshaanza kuchakaa kwenye mikunjo.

Unajua nimeilaani gundi yangu miaka yote hii? Nilipiga hesabu ile mbao ingedumu mwaka mmoja, ikizidi miwili. Mwaka wa kwanza, kila gari lililopunguza mwendo hapa nje nilikwenda dirishani. Mwaka wa tatu nikajiambia, Garland, ulifanya kazi nzuri mno, ungetia skrubu sita tu angeshaisoma. Baadaye nikaacha kuchungulia.

Sasa na mimi nitoe langu. Siwezi kufunga springi tena, siwezi kufunga hata kifungo cha shati. Mikono inatetemeka mwaka wa nne huu. Ulianza wa kushoto, ule ule wa kazi, na daktari anasema haurudi nyuma. Napiga chapa kwa kidole kimoja cha kulia, na barua hii ni ya siku mbili. Nadine hajui, kwenye simu mkono hauonekani. Wewe ndiye mtu wa mwisho niliyetaka ajue. Nilikuwa radhi unione msaliti kuliko unione hivi.

Kwa hiyo utazifunga wewe, na mimi nitakuwa mdomo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini ndiyo tuliyonayo.

Tengeneza mbao mpya ya mbele kwanza, ya mwaloni, na safari hii matundu yaachane. Ile ya kwangu usiitoe, ibaki ndani. Kisha anza kufunga safu ya katikati, usianzie pembeni. Kamba itoke nyuma kuja mbele, halafu kulia kwenda kushoto, halafu mshazari mara mbili, mpaka kila springi iwe na kamba zinazoiendea pande nane. Ikandamize kwa ngumi ishuke upana wa vidole vitatu, ukaze fundo hapo hapo. Ukishusha viwili tu utapata kilima. Ukishusha vinne utapata plaiwudi yako. Misumari midogo weka mdomoni, uiteme mmoja mmoja kwenye nyundo ya sumaku, ili mkono wa pili usiiachie kamba. Na usivute kwa hasira. Springi hujua.

Hilo neno la mwisho wa barua yako nimeliona. Msamaha nimekupa, chukua, ni wako. Lakini neno lile sijaweza kulirudisha bado. Ulinivua ushemeji mbele ya watu, Odell, kuku mkononi, na mama yangu akiwa amekaa meza ya pili. Alikufa akijua sisi si kitu kimoja. Nipe muda.

G.


Lenoir
25 Machi 2024

Kwa Garland,

Salamu kutoka kwetu wawili. Nasema wawili, maana Nadine yuko nyumbani. Miti ya jirani imetoa maua meupe, na ndege wake wamepata mbegu, safari hii kutoka kwangu.

Nianze na mama yako. Jumapili ya tarehe 17 nilimwomba mchungaji dakika mbili kwenye matangazo. Nikasimama pale pale, maana ukumbi haujahama. Nikawaambia mwaka 2004 nilisema hapa kwamba sina shemeji, na kwamba nilisema uongo. Nikawaeleza uliyoyafanya na kwa nini uliyafanya, bima na yote. Nusu ya waliosikia lile la kwanza wako makaburini nyuma ya kanisa, kwa hiyo nilisema kwa sauti. Ibada ilipokwisha nikapita kwenye kaburi la mama yenu nikamrudia maneno yale peke yake. Nilikaa naye kitambo. Sikufanya hivyo ili unipe lile neno, Garland. Nilikuwa nadaiwa nao.

Sasa kazi. Mbao ya mwaloni ilikuwa siku moja na nusu, na matundu yameachana kama majirani waliogombana. Nimeibana nje, yako iko ndani. Kisha nikaingia kwenye kamba zako. Mara ya kwanza safu ya katikati ikatoka kama mgongo wa nyumbu. Nikakata. Mara ya pili nilivuta kwa hasira, na ni kweli springi hujua, moja iliniruka ikanipiga kwenye pua. Nikakata tena. Na shauri lako la misumari mdomoni! Ulisahau kwamba meno yangu ya juu ni ya kununua. Nilitema msumari wa kwanza, yakatoka yote pamoja, yakagonga nyundo, yakaingia chini ya jokofu. Nilicheka hapo sakafuni mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kucheka.

Miaka thelathini nilikuwa nakutupia fremu mlangoni mwa karakana yenu nikidhani kazi imekwisha, mnachofanya nyinyi ni kufunga funga tu. Mara ya tatu nilikwenda polepole, ngumi, vidole vitatu, fundo. Kwenye springi ya tisa mkono ukaelewa. Mafundo yangu yamelala kulia yote, hayana uzuri wa yako, lakini yameshika.

Jumamosi Nadine akaja na kigari chake mpaka sebuleni, akageuka. Nilikuwa nyuma yake sipumui. Akakaa. Likamshusha vidole vitatu likasimama. Akafumba macho, akapapasa kitambaa kwa mikono miwili. Nikamuuliza kama linafaa.

"Mafundo yamelala wapi?"

"Kulia."

"Yatazoea," akasema.

Halafu, bila kunishika, akaweka viganja kwenye kingo akainuka mwenyewe mpaka wima. Binti wa mazoezi akapiga makofi. Nadine akakaa tena, akainuka tena, akakaa tena, kama mtoto aliyepata bembea. Kisha akaitisha maini na mayai, na hakuacha kitu kwenye sahani.

Kuhusu mikono yako nimemwambia. Hukuniapisha. Alikutukana kidogo kwa kumficha, kisha akasema, "Mwambie aje akae. Kukaa hakuhitaji mikono." Mimi sina la kuongeza juu ya hapo, ila kwamba nitakufunga vifungo vya shati, na nikicheka unipige.

Kabla sijarudisha kile kitambaa cheusi nilichukua penseli. Chini ya maneno yako nimeandika: "Nimeisoma. 2 Machi 2024. Odell." Skrubu nimetia kumi na nne, maana sitegemei tuandikiane tena humo ndani.

Shemeji yako, ujibu usijibu,
Odell


Tupelo
2 Aprili 2024

Odell,

Salamu nyingi kwako na kwa dada yangu. Leo nimekataa chapa. Huu mwandiko unaotambaa kama kuku aliyekanyaga wino ni wa kwangu, mkono wa kushoto, na mistari hii imenichukua tangu chai ya asubuhi.

Ahsante kwa mama.

Basi litafika Hickory Alhamisi tarehe 11, saa tisa alasiri. Nina begi moja tu, mbwa anabaki kwa jirani. Uje mpaka mlangoni mwa basi, ngazi zinanisumbua.

Mwambie Nadine akae kulia. Kushoto mbele nakaa mimi.

Shemeji yako,
Garland